Fundi Aliyejipima Kiuno

Fundi huyu alikuwa na duka dogo la kushona nguo. Lilikuwa chumba kimoja tu, chenye mlango mpana uliotazama barabara. Ndani mlikuwa na cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia, pasi, benchi la wateja, na sanamu ya mbao isiyo na kichwa, ambayo aliivalisha makoti yaliyokuwa hayajaisha. Watu walimwita Fundi Tepu, kwa sababu tepu yake ya kupimia ilining'inia shingoni tangu asubuhi mpaka jioni. Mkewe alisema kwamba siku ya harusi yao aliivua kwa dakika kumi, kisha akaivaa tena. Fundi alikanusha. Alisema zilikuwa dakika ishirini.

Kwa kupima hakuwa na mpinzani. Ukiingia tu mlangoni alishajua kiuno chako. Hata hivyo alikupima, tena mara mbili, na kila kitu alikiandika katika daftari lake jekundu.

Alikuwa na miaka sitini na sita. Alivuta sigara tangu ujana wake, ingawa alimwambia mkewe kwamba ameacha. Pakiti ilikaa ndani ya kopo la vifungo, chini ya vifungo vyeusi vikubwa ambavyo hakuna mteja aliyevitaka.

Kila siku baada ya chakula cha mchana alijilaza chali juu ya benchi na kuliweka daftari juu ya tumbo. Siku moja mkewe alikuwa kando yake, anashona vifungo kwa mkono. Akaitua sindano.

"Mzee, mbona daftari lako linaruka?"

Fundi akainua kichwa, akatazama. Ilikuwa kweli. Daftari liliruka kidogo, likatulia, likaruka tena.

"Ni moyo huo," akasema.

"Siku hizi moyo unakaa tumboni?"

"Umeshuka kutafuta chakula. Leo wewe umenipakulia kidogo."

Wakacheka, na maneno yakaishia hapo.

Kilichompeleka hospitali kilikuwa kitu kingine kabisa. Mkojo ulikuwa unamsumbua. Alikuwa anapima bega la mtu, ghafla anamwacha amesimama na mikono juu, anakimbilia chooni. Wateja walianza kumtania. Basi akaenda kliniki, na daktari akamtuma chumba cha altrasaundi ili kibofu chake kitazamwe.

Aliyekuwa zamu katika chumba hicho ni jirani yake, Mama Mapacha. Mama huyu alikuwa na kazi ya kuwapiga watu picha za ndani ya mwili kwa mashine ile. Alimlaza fundi kitandani, akampaka dawa baridi tumboni, akaanza kupitisha kidude cha mashine huku akipiga soga.

"Sare zangu lini, fundi?"

"Ijumaa."

"Ijumaa ya mwaka gani?"

Kidude kikapanda juu ya kitovu, na soga ikakatika. Mama Mapacha akatazama kioo cha mashine, akabonyeza vitufe, akatazama tena. Kisha akaandika karatasi na kumpeleka fundi kwa daktari yeye mwenyewe, bila mzaha.

"Habari ya kibofu si mbaya," daktari akasema. "Una tezi iliyokua kidogo, kama wanaume wengi wa umri wako. Vidonge vitakusaidia. Lakini tumeona kitu kingine. Mshipa wako mkuu wa damu umetuna."

"Mimi nilikuja kwa ajili ya mkojo," fundi akasema.

"Najua, mzee. Tumeuona kwa bahati tu."

Daktari akachukua kalamu, akachora. Mshipa mkuu, akaeleza, unatoka kwenye moyo na kushuka mbele ya uti wa mgongo. Ukifika karibu na kitovu unagawanyika mara mbili, na kila upande unapeleka damu kwenye mguu mmoja. Fundi akaitazama ile picha, akaona suruali. Kiuno juu, miguu miwili chini.

"Hapa juu, kwenye kiuno cha hii suruali," daktari akasema, naye akatabasamu, "mshipa wa kawaida una upana wa sentimita mbili hivi. Wako una sentimita nne na pointi saba. Ukuta wake umelegea, na damu inausukuma kila moyo unapopiga. Ukitanuka sana unaweza kupasuka. Ukipasuka, damu inamwagikia ndani ya tumbo. Wengi hawafiki hospitali wakiwa hai."

"Lakini hauniumi."

"Mara nyingi hauumi kabisa."

"Basi nikateni leo."

"Bado. Upasuaji nao una hatari zake. Kwa upana ulio nao sasa, kungoja ni salama zaidi. Kwa mwanaume, tunaanza kufikiria upasuaji mshipa ukifika sentimita tano na nusu, au ukikua haraka. Acha sigara. Meza dawa ya presha kila siku. Na baada ya miezi sita urudi tuupime."

Fundi alirudi nyumbani akiwa hajui ashike lipi. Ana ugonjwa, lakini hauumi. Hauumi, lakini unaua. Unaua, lakini hautibiwi sasa. Njiani alijaribu kuyapanga maneno hayo na kila mara yalimponyoka.

"Kwa hiyo unaumwa au huumwi?" mkewe akamuuliza.

"Sijui."

"Daktari alisemaje?"

"Alisema nisubiri."

"Usubiri upone au usubiri ufe?"

Jioni mdogo wake, dereva wa lori, alipita kumsalimu. Alisikiliza yote akiwa amesimama, funguo mkononi.

"Kaka, wewe unakula, unashona, unacheka," akasema. "Mtu akienda hospitali kwa mkojo akarudi na mshipa, ujue wanamtafutia ugonjwa. Achana nao."

Usingizi ulimpaa fundi kwa siku kadhaa. Katika yote aliyoambiwa, neno moja tu alilielewa vizuri, nalo ni sentimita. Kama jambo lenyewe ni kupima, kuna haja gani ya kumsumbua mtu mwingine? Asubuhi moja, kabla ya kufungua duka, aliinua shati, akazungusha tepu tumboni, juu ya kitovu palepale daktari alipoonyesha. Akasoma: tisini na nane. Akafungua ukurasa mpya wa daftari jekundu, akaandika tarehe na namba.

Kuanzia siku hiyo alijipima kila Jumatatu, kabla ya chai. Tisini na nane. Tisini na nane. Hofu ilikuwa imempunguzia hamu ya kula, na baada ya muda tepu ikasoma tisini na saba, halafu tisini na sita. Fundi akafurahi sana. Kwa hesabu yake, mshipa ulikuwa unanywea. Alijisikia mwepesi, akaanza tena kupiga mluzi akipiga pasi. Hata kopo la vifungo alilitembelea mara kwa mara bila kujuta.

Miezi sita ikatimia. Siku ya kurudi hospitali ilikuta meza imejaa sare za kiwanda.

"Leo si ndiyo siku yako ya kupimwa?" mkewe akamuuliza.

"Nimeshapimwa," fundi akasema, akalipigapiga daftari mgongoni. "Kila wiki napimwa. Hospitali wangenipima mara moja tu."

Mkewe akaona maneno hayo yana mantiki. Yeye naye aliiamini ile tepu.

Mama Mapacha angeweza kuwafumbua macho mapema, lakini alikuwa amekwenda masomoni mji mwingine. Alirudi baada ya zaidi ya mwaka. Siku alipoingia dukani kupimwa koti jipya la kazi, ilikuwa imepita miezi kumi na minne tangu ile altrasaundi ya kwanza.

"Shikamoo, fundi. Vipi ule mshipa? Kipimo cha mwisho kilisemaje?"

Fundi alifungua ukurasa wake katika daftari jekundu na kumpa asome, kama mtoto anayeonyesha cheti cha mtihani. Mama Mapacha akasoma tarehe, akasoma namba. Akafunua ukurasa wa pili. Akakaa kwenye benchi.

"Hizi ni namba za nini?"

"Za tumbo. Umeona? Nilianza tisini na nane, sasa niko tisini na tano. Mshipa umerudi."

"Fundi, hospitali hujarudi kabisa?"

"Ya nini? Tepu si ninayo?"

Mama Mapacha hakumcheka wala hakumgombeza. Alisimama, akaenda kwenye ile sanamu ya mbao. Siku hiyo ilikuwa imevaa koti zito la mzee mmoja mnene, limefungwa vifungo vyote.

"Pima kiuno cha hili koti," akasema.

Fundi akapima. "Mia moja na kumi na mbili."

Mama Mapacha akafungua kifungo kimoja, akaingiza kibiringo kidogo cha uzi katikati ya koti na mbao, akafunga. "Pima tena."

"Mia moja na kumi na mbili."

Akakitoa, akaingiza kibiringo kikubwa, mara mbili ya kile cha kwanza. "Na sasa?"

Fundi akazungusha tepu. Akaisoma, akaisoma tena. "Mia moja na kumi na mbili," akasema taratibu.

"Tumbo lako ni hilo koti. Lina nafasi. Lina utumbo, lina mafuta, lina hewa. Mshipa umekaa nyuma kabisa, kwenye uti wa mgongo. Unaweza kutanuka mara mbili na tepu isijue kitu. Wewe umekonda tu, fundi. Kilichopungua ni mafuta."

Mkewe, aliyekuwa nyuma ya cherehani, alisimama. "Na lile daftari lililokuwa linaruka tumboni?"

"Daftari gani?"

Wakamweleza. Mama Mapacha akatikisa kichwa. "Huo ulikuwa mshipa, mama. Ulikuwa unabisha hodi."

Fundi aliketi. Kwa mara ya kwanza aliiona tepu yake kama kitu cha kijinga, na aliona haya, na ndani ya haya hiyo kulikuwa na hofu kubwa. Wiki sitini alikuwa amejipima kitu kingine na kukiita mshipa.

Kesho yake asubuhi walikuwa wa kwanza kwenye foleni. Mama Mapacha akampima mwenyewe. Sentimita tano na pointi nane.

Siku chache baadaye, fundi, mkewe na mdogo wake walikaa mbele ya daktari bingwa wa upasuaji wa mishipa. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini. Fundi alikuwa ameshapitishwa kwenye mashine kubwa ya duara inayoitwa sitiskani, na picha zake zilikuwa mezani. Daktari alieleza kwamba sasa kungoja ndiko kwenye hatari zaidi. Kuna njia mbili za kurekebisha, akasema.

"Njia ya kwanza, tunapitia kwenye kinena. Tunaingiza bomba la kitambaa lililokunjwa, lenye waya laini, kwenye mshipa wa paja. Tunalipandisha mpaka kwenye uvimbe, linafunguka, linajishikiza. Damu inapita ndani yake, ukuta mbovu unapumzika. Vidonda ni vidogo na mtu anatoka hospitali upesi. Lakini ni lazima arudi kupigwa picha maisha yake yote, maana bomba linaweza kuhama au kuvuja."

"Hiyo," mdogo wake akasema. "Kaka, chukua hiyo."

"Njia ya pili, tunafungua tumbo. Tunaubana mshipa juu na chini ya uvimbe ili damu isimame kwa muda. Tunaufungua, tunashona bomba la kitambaa ndani, tunafunga. Ni kazi kubwa, na kupona kunachukua miezi miwili mitatu. Lakini ikishapona, mara nyingi inakaa bila kusumbua."

"Mimi nachukua ile ya kinena," fundi akasema haraka.

Daktari akasogeza picha. "Ningependa kukupa. Lakini kwa mshipa wako haifai. Bomba linahitaji sehemu ya mshipa iliyo nzima, isiyotuna, pale juu ili lishike. Kwako uvimbe umeanza karibu sana na mishipa ya figo. Sehemu nzima iliyobaki ni fupi mno."

Fundi akainama juu ya picha. Mambo yote ya mwaka ule yalikuwa yamemchanganya, lakini hili alilielewa mara moja. "Hakuna akiba ya mshono," akasema.

"Ndiyo hasa, mzee. Hakuna akiba ya mshono."

Akafungua droo, akatoa bomba la mfano, akampa. Lilikuwa jeupe, lenye mikunjo midogomidogo. Juu lilikuwa moja, chini limegawanyika mara mbili. Fundi akalisugua kwa kidole gumba, akalivuta kidogo, akachungulia ndani.

"Hii ni suruali," akasema. "Suruali ya mtoto mchanga."

"Hata sisi tunaiita hivyo."

"Mnashona kwa mashine?"

"Kwa mkono."

"Mshono gani?"

"Wa kuzunguka, uzi mmoja usiokatika. Tunaanza nyuma, tunakutana mbele."

"Uzi unaoza?"

"Hauozi."

"Na kile kitambaa kibovu cha zamani mnakitupa?"

"Hapana. Ukuta wa mshipa wako tunaurudishia juu ya bomba na kuushona. Bomba linabaki ndani, kama bitana."

Fundi akaitikia kwa kichwa polepole. Angefanya hivyohivyo. Mdogo wake alikuwa amenuna.

"Daktari," dereva akasema, "kaka yangu ni mzima. Ameingia hapa kwa miguu yake. Mkimkata akafa?"

Daktari hakukwepa. "Inawezekana. Katika watu mia wa hali yake, watatu mpaka watano hatunao baada ya mwezi. Wengine wanapata shida ya moyo, mapafu au figo. Ndiyo maana tutampima moyo na mapafu kwanza. Lakini mshipa ukipasuka akiwa nyumbani, wengi hufa, hata tukiwahi kumpasua. Nawaambieni na hili. Wakati wowote akipata maumivu makali ya ghafla ya tumbo au mgongo, akatoka jasho au kuzimia, msingoje hata dakika moja. Mleteni hapa, na mseme mlangoni kwamba ana mshipa uliotuna."

Kisha akamgeukia fundi. "Bado unavuta?"

Fundi akatazama viatu vyake.

"Pakiti iko kwenye kopo la vifungo," mkewe akasema. "Chini ya vile vyeusi."

"Ulijua?"

"Tangu lini vifungo vikanuka tumbaku?"

Siku hiyohiyo kopo lilimwagwa. Daktari alikuwa amesema kwamba sigara ndiyo inayolegeza ukuta wa mshipa kuliko kitu kingine chochote, na kwamba mapafu yenye moshi huamka vibaya kutoka kwenye nusukaputi. Wiki za kwanza fundi alikuwa mkali kwa kila mtu. Alimgombeza hata yule wa mbao asiye na kichwa. Lakini hakuvuta.

Asubuhi ya upasuaji sista alikuja na kitanda cha magurudumu. Fundi alikuwa amevaa gauni la hospitali, ambalo alilikosoa pindo lake mara tatu. Shingoni alikuwa bado na tepu.

"Hiyo haiingii, baba," sista akasema.

Fundi aliishika. Aliogopa. Aliogopa kwa namna ambayo hakuwahi kuogopa maishani, naye akamwambia mkewe hivyo, kwa maneno hayohayo. Mkewe akanyoosha mikono, akaivua tepu taratibu na kuivaa yeye.

"Hii ni mara ya pili unaivua," akasema. "Ya kwanza ilituletea heri."

"Dakika ishirini," fundi akasema.

"Kumi," mkewe akasema, na kitanda kikaondoka.

Kilichofuata fundi hakukijua. Mtaalamu wa usingizi alimwambia ahesabu. Akahesabu kama anavyopima: moja, mbili, tatu. Kisha palikuwa na mwanga mweupe, na mtu anamwita.

Hakujua yuko wapi. Mrija ulikuwa puani, mwingine mkononi, mwingine asikokutaka. Mashine zililia. Mwanamke mwenye nguo za kijani alimwinamia, na fundi akamtambua mara moja kuwa ni mteja.

"Suruali yako Ijumaa," akamwambia kwa sauti iliyokwaruza.

"Sawa, baba," sista akasema. "Upasuaji umekwisha. Uko chumba cha uangalizi maalumu."

"Nani amefunga duka?"

"Limefungwa. Pumua polepole."

Siku mbili alikuwa hivyo. Alimwamuru daktari anyooshe mabega apimwe. Alimuuliza mkewe kama yule wa mbao amekula. Mkewe aliingiwa na hofu kwamba amepoteza akili, lakini sista akamweleza kwamba wazee wengi huchanganyikiwa hivyo baada ya usingizi mrefu na dawa kali za maumivu, na huisha. Siku ya tatu fundi aliamka, akamtazama, akamuuliza kwa nini amevaa tepu yake. Mkewe alilia kwa furaha hapohapo, mbele ya watu.

Maumivu yalikuwepo. Kukohoa kulikuwa kazi, ilibidi akumbatie mto. Lakini sista walimsimamisha siku ya pili, na siku ya tano alitembea mpaka mwisho wa wodi akishikilia ukuta. Bandeji ilipofunguliwa, aliutazama mstari mrefu uliotoka chini ya kifua mpaka chini ya kitovu.

"Mshono umenyooka," akamwambia daktari. "Hapa chini tu umeharakisha."

"Nilikuwa na njaa," daktari akajibu.

Kabla ya kumruhusu siku ya kumi, daktari alimpa masharti. Asibebe kitu kizito kwa miezi mitatu. Atembee kila siku. Dawa ya presha aendelee nayo, sigara asiiguse. Arudi kuangaliwa tarehe zilizoandikwa. Mwisho akamtazama yule mdogo mtu, aliyekuwa amebeba mfuko wa nguo.

"Ugonjwa huu hutembea ndani ya familia. Kaka yako anao, nawe unaweza kuwa nao. Una miaka mingapi?"

"Sitini na moja. Mimi siumwi kitu."

"Naye alikuwa haumwi," daktari akasema.

Miezi mitatu ikapita. Fundi alirudi dukani, akafungua mlango wake mpana, akafuta vumbi kwenye cherehani. Adhuhuri alijilaza juu ya benchi na daftari jekundu tumboni. Lilipanda na kushuka kwa pumzi zake tu. Mkewe alilitazama kwa muda mrefu kabla ya kurudi kwenye vifungo vyake.

Ndipo mdogo wake akaingia. Alitaka suruali mbili za safari. Sigara ilikuwa nyuma ya sikio.

"Nipime, kaka."

"Hospitali umekwenda?"

"Nitakwenda. Lakini subiri nikuonyeshe kitu." Dereva akajilaza kwenye benchi, akachukua daftari, akaliweka juu ya tumbo lake. Wote watatu wakalitazama. Daftari lilitulia, halikuruka hata kidogo. "Umeona? Mimi sina."

Fundi alilichukua lile daftari. Alifungua kurasa zake za Jumatatu, tisini na nane mpaka tisini na tano, akamshikia usoni.

"Soma. Hili daftari liliniambia mimi nimepona, na nilikuwa nakaribia kufa. Mshipa ukiwa bado mdogo hauonekani hapo. Hata tepu haiuoni. Simama twende."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Mama Mapacha yuko zamu."

"Na suruali zangu?"

"Kiuno chako sikigusi mpaka uniletee karatasi."

Alifunga duka mchana kweupe, jambo ambalo, ukiacha siku za ugonjwa wake, majirani hawakuwahi kuliona. Saa moja baadaye mdogo wake alikuwa amelala chali katika chumba cha altrasaundi, amepakwa ile dawa baridi, hacheki. Kidude kilipanda juu ya kitovu. Mama Mapacha alitazama kioo, akabonyeza vitufe.

"Sentimita tatu na pointi nne," akasema. "Kwa upana huo mtu anapimwa kila mwaka."

Dereva akamgeukia kaka yake. Uso wake ulikuwa uleule ambao fundi alikuwa nao siku ile ya mkojo. "Hiyo maana yake nini? Ninaumwa au siumwi?"

Zamani fundi angesema hajui. Akavuta kiti, akakaa karibu na kichwa cha mdogo wake.

"Mshipa umeanza kutuna," akasema. "Bado ni mdogo. Hukatwi. Utapimwa hapa kila mwaka, na ukikua watakurekebisha kabla haujapasuka. Tumekuwahi."

Akanyoosha mkono, akaitoa sigara nyuma ya sikio la mdogo wake na kumpa Mama Mapacha aitupe. Kisha akafungua daftari jekundu, ukurasa safi. Juu aliandika jina la ndugu yake. Chini yake, mahali pa kiuno, aliandika tatu na pointi nne, na tarehe ya mwaka ujao.